Mama kaonekana na kifuko cha maji kwenye kongosho. Tuuze mikarafuu?

Assalamu alaykum daktari,

Mimi ni mwanamke wa Wete, Pemba, wa tatu kati ya watoto watano. Nakuandikia kuhusu mama yetu. Uniwie radhi kwa urefu wa barua, maana nyumbani tumeshindwa kukubaliana.

Mama ana miaka 63. Ana sukari ya miaka mingi, anatumia vidonge vya metformini, na presha kidogo. Kabla ya Ramadhani alilalamika mkojo unamchoma na kiuno kinamuuma. Tukampeleka spitali, akapimwa mkojo, akapewa dawa, na wakamfanyia ultrasaundi ya figo. Figo ziko salama. Lakini yule aliyekuwa akipima akasita, akairudisha ile mashine juu ya kitovu, akasema kuna kitu anakiona nyuma ya tumbo ila gesi inamzibia. Tukaandikiwa CT, tukavuka Unguja.

Ripoti ni ya Kiingereza. Mpwa wangu anayesoma uuguzi ametufasiria hivi: kuna kifuko chenye maji cha sentimita 2.2 kwenye kichwa cha kongosho, na yaelekea kimeungana na tawi la mfereji. Mfereji mkuu ni milimita 3. Hakuna kinyama ndani ya kifuko. Mfuko wa nyongo una vijiwe. Mwisho wameandika majina matatu marefu ya maradhi yanayoweza kuwa ndiyo, na kwamba apigwe MRI.

Tangu siku hiyo hatulali. Kaka yetu mkubwa, aliye Dar, anasema hiyo ni kensa tu hata kama hawakuiandika, na mama apelekwe India akatwe kabla haijatawanyika. Ameshampata mtu wa kununua mikarafuu aliyotuachia baba, au angalau kuikodi misimu miwili. Ami yetu hataki kusikia kisu. Anasema kila aliyemwona akipasuliwa tumbo kwa uvimbe hakumaliza mwaka. Mama mdogo analeta dawa ya majani ya kuchemsha pamoja na asali, kikombe asubuhi na kikombe usiku, ati inakausha maji. Mama anakunywa.

Yeye mwenyewe hajui. Tumemwambia ni gesi. Hana maumivu makubwa, anapika, anakwenda maulidini. Amepungua kidogo, lakini anasema ni mfungo. Sukari nayo haijakaa sawa tangu Ramadhani: ilikuwa 7 au 8 asubuhi, siku hizi tunaona 12, 13, na vidonge ni vilevile. Miaka ya nyuma, baada ya Idi moja, aliwahi kulazwa kwa maumivu makali ya tumbo na kutapika. Wakamzuia kula, wakamtundikia maji siku kadhaa, akatoka mzima.

Je, hii ni kensa? Akatwe? Dawa ya majani imdhuru? Tumwambie? Tena yeye hufunga kila Jumatatu na Alhamisi, aendelee? Na hiyo mikarafuu, tuuze?

Msomaji wako, Wete

JIBU

Waalaykumu salaam, mwanangu.

La mwisho nalileta mbele: mikarafuu isiuzwe wala isikodishwe sasa. Sisemi hivyo kwa kuwa jambo ni dogo. Nasema hivyo kwa kuwa hamjajua bado ni jambo gani, na aliyeisoma picha naye kasema hivyohivyo kwa lugha ya kazi yake. Kaandika majina matatu na kuomba MRI, maana yake hajaamua. Kaka yako kaamua kabla yake.

Mimi sijamgusa mama wala sijaiona picha. Nakujibu kwa ulichoandika. Ila umeandika vizuri kuliko barua nyingi ninazopokea, na kuna mistari miwili umeipitisha haraka ambayo mimi nimesimama hapo muda mrefu kuliko kwenye kile kifuko. Nitaifikia.

Kongosho limejificha nyuma kabisa ya mfuko wa chakula, karibu na uti wa mgongo. Lina urefu wa kama sentimita 15. Kichwa chake kimekumbatiwa na mwanzo wa utumbo mdogo, mkia wake unafika kwenye bandama. Hutengeneza maji ya kusaga chakula, yanayopita kwenye matawi madogo hadi mfereji mkuu na kumwagika utumboni, na pia hutengeneza insulini. Ndiyo maana ultrasaundi ya kawaida hushindwa hapo: mbele yake kuna tumbo na utumbo vyenye hewa. Na ndiyo maana vifuko vingi vya kongosho huonekana kwa bahati, mtu akipimwa kwa jambo jingine, kama mama yenu. Kadiri mashine za CT na MRI zinavyoongezeka ndivyo tunavyoviona zaidi, khasa kwa watu waliovuka miaka 60. Wengi wa wenye navyo watakufa navyo wakiwa wazee, kwa sababu nyingine kabisa.

Kosa linaloivuruga nyumba yenu ni kudhani kwamba kifuko cha maji kwenye kongosho ni ugonjwa mmoja, kisha mnagombana kama ukatwe au usikatwe. Si ugonjwa mmoja. Kipo ambacho si uvimbe kwa maana halisi: ni maji ya kongosho yaliyovuja baada ya kongosho kuwaka, yakajizungushia ukuta. Hicho hutokana na vijiwe vya nyongo, pombe, mafuta mengi mno kwenye damu, au pigo la tumbo, mathalani mpanda baiskeli aliyejikita usukani. Hakigeuki saratani, na mara nyingi hunywea chenyewe. Kipo chenye maji mepesi kama ya kisima, kilichogawanyika vijumba vidogovidogo, ambacho huwapata zaidi wanawake wa makamo na wazee. Nacho karibu hakigeuki kabisa, na kisipoleta maumivu tunakiacha.

Halafu kuna jamii ya ute. Ndani yake mna ute unaovutika kama bamia iliyopikwa, na hiyo ndiyo jamii tunayoiheshimu, kwa kuwa baadhi yake, baada ya miaka, huweza kugeuka saratani. Nayo haiko sawa. Kuna aina inayowapata takriban wanawake watupu, kwenye kiwiliwili au mkia wa kongosho, isiyoungana na mfereji. Hiyo kwa mtu mwenye afya kwa kawaida tunashauri itolewe. Kuna inayoota ndani ya mfereji mkuu wenyewe na kuutanua. Hiyo ina hatari kubwa na upasuaji huwa karibu. Na kuna inayoota kwenye tawi dogo la mfereji, kwa watu wazima, mara nyingi kichwani mwa kongosho. Hii ya tawi ndiyo tunayoiona sana, na iliyo nyingi tunaifuatilia tu kwa picha.

Msomaji mwingine asikate kipande hiki akampa binti yake wa miaka 20. Kwa wasichana kuna aina nyingine kabisa, ngumu nusu na maji nusu, na hiyo huondolewa.

Sasa rudi kwenye ripoti. Sentimita 2.2, kichwani, kinaonekana kuungana na tawi, mfereji mkuu milimita 3, hakuna kinyama. Kwa maneno hayo, la kwanza linalonijia ni aina ya tawi, tena isiyo na alama mbaya. Alama tunazozitafuta ni hizi: kifuko kuanzia sentimita 3, ukuta ulionenepa, kinyama kilichojishika ndani khasa kikifika milimita 5, mfereji mkuu uliotanuka kuanzia milimita 5 (ukifika 10 hatuzungumzi tena habari ya kusubiri), tezi zilizovimba jirani, kukua kwa haraka kati ya picha na picha, na kipimo cha damu kiitwacho CA 19-9 kikiwa juu. Macho yakiwa ya manjano kwa sababu ya kifuko kilicho kichwani, hiyo peke yake inatosha kumwita mpasuaji. Katika uliyoniandikia, alama hizo hazimo.

Hazimo kwenye picha. Lakini wewe umeniandikia kwamba sukari iliyokuwa 7 na 8 imekuwa 12 na 13 kwa vidonge vilevile, na mama amepungua. Hapa ndipo niliposimama. Mwongozo wa kimataifa wa Kyoto wa mwaka 2024, unaotumiwa na madaktari wa kongosho kwa jamii hii ya vifuko, unahesabu sukari mpya au sukari iliyochafuka ghafla kuwa miongoni mwa alama za kuangaliwa. Kongosho likiwa na jambo, insulini huweza kuwa ya kwanza kusema.

Usiruke ukasema basi ni saratani. Ramadhani nayo najua ilivyo kwetu: tambi za sukari, kalimati, tende, uji, juisi ya ukwaju, na daku ya wali wa nazi. Anayefunga akapungua uzito kisha sukari ikapanda kwa futari si kitendawili. Vikombe viwili kwa siku vya dawa yenye asali juu ya sukari ya 12 ndiyo ya kwanza ningeitilia shaka kabla ya kongosho. Basi iondosheni hiyo asali leo. Mpimeni uzito kwenye mizani ile ile, asubuhi, mara moja kwa wiki, muandike. Pimeni sukari kabla hajala, muandike. Na apimwe HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3 iliyopita. Sukari ikitulia baada ya asali kuondoka na uzito ukarudi, tumepumua. Isipotulia, au akaendelea kupungua huku anakula, MRI isingojee miezi. Mwambieni daktari maneno hayo hayo, sukari imechafuka na uzito unashuka, kwa sababu kwenye fomu ya rufaa mara nyingi huandikwa kifuko tu, na fomu ya kifuko tu hupangwa nyuma ya foleni.

Mstari wa pili ulioupitisha haraka ni ule wa Idi. Maumivu makali ya tumbo, kutapika, kuzuiwa kula, kutundikiwa maji, na leo mfuko wa nyongo una vijiwe. Nadhani, nasema nadhani, siku ile kongosho liliwaka kwa sababu ya kijiwe kilichoshuka na kuziba njia. Itafuteni karatasi ya kutolewa spitali. Mtazame kama imeandikwa kipimo cha damu cha amilesi au lipesi, vimeng'enya vya kongosho. Kikiwa kilipanda mara 3 au zaidi ya kawaida, jibu ndilo hilo. Ikiwa ni kweli, mambo mawili yanabadilika. Kwanza, kifuko hiki chaweza kuwa ni kile cha maji yaliyovuja zamani, kisicho na hatari ya saratani. Pili, vijiwe bado vipo, na kijiwe kilichowahi kuliwasha kongosho mara moja huweza kurudia, mara ya pili ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Mtu wa namna hiyo tunamshauri mfuko wa nyongo utolewe, siku hizi kwa matundu madogo, na wengi hutoka spitali baada ya siku moja au mbili. Kwa hiyo katika nyumba inayogombana juu ya operesheni, operesheni pekee ninayoiona karibu ni ya nyongo, ambayo hakuna hata mmoja wenu aliyeitaja.

Vipimo. MRI, khasa ile ya kupiga mifereji ya nyongo na kongosho, haina mionzi wala kisu. Atalala ndani ya mashine yenye kelele kiasi cha nusu saa au zaidi, ataambiwa abane pumzi mara kadhaa. Mwelezeni mapema ili asiogope, na semeni kama ana chuma chochote mwilini. Itaonyesha kama kifuko kimeungana na mfereji kweli, na kama ndani mna kinyama ambacho CT haikukiona. Kabla ya picha yoyote ya dawa ya mshipani apimwe kriatinini, kwa kuwa ana sukari na figo zake ni lazima zijulikane. Na muulizeni daktari kama metformini isitishwe kwa siku hizo, maana hutegemea hali ya figo. Chukueni picha yenyewe kwenye CD, msichukue karatasi peke yake. Miezi 6 ijayo thamani yote iko katika kulinganisha picha na picha, na karatasi hailinganishwi.

Baada ya MRI huenda wakataja ultrasaundi ya ndani. Ni mrija mwembamba unaopitishwa mdomoni, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi mwepesi, wenye kiultrasaundi kidogo kwenye ncha. Kutoka ndani ya tumbo kongosho liko jirani kabisa, gesi haizibi tena. Wakitaka, kwa sindano nyembamba huvuta maji ya kifuko na kuyapima. Amilesi ikiwa chini sana, kile cha maji yaliyovuja kinaondoka kwenye orodha. Kipimo kiitwacho CEA kikizidi 192, au sukari ya kwenye maji hayo ikiwa chini ya 50 kwa kipimo cha miligramu, tunafikiria jamii ya ute. Hapa watu hukosea: CEA ikiwa juu inasema ni ute, haisemi ni saratani. Sindano hiyo si ya kila mtu. Kwa kifuko cha sentimita 2.2 kisicho na alama, madaktari wengi watatosheka na MRI na kufuatilia. Kipimo hiki hakipatikani kila mahali, hata bara ni katika hospitali kubwa tu, kwa hiyo msikikimbilie kabla hakijaombwa.

Ikithibitika kuwa ni ile ya tawi, na sukari imetulia, matibabu yake ni kufuatilia. Kwa ukubwa wa sentimita 2 hadi 3 mwongozo ule wa Kyoto unasema picha baada ya miezi 6, tena baada ya miezi 6 nyingine, kisha kila mwaka ikiwa hakuna kilichobadilika. Watu wetu hawalipendi neno kufuatilia, wanaona daktari hajafanya kitu. Mimi kinyume chake: ninaowahofia ni wale waliopewa tarehe ya picha ya pili wakasema mgonjwa mzima, tutavuka vuli.

Kaka yako aelezwe kisu cha kichwa cha kongosho ni kitu gani, kwa sababu nadhani anadhania ni kama kutoa jipu. Hukatwa kichwa cha kongosho, mwanzo wa utumbo mdogo, mfuko wa nyongo na sehemu ya mfereji wa nyongo, kisha vyote vinavyobaki huungwa upya. Ni saa nyingi mezani. Kwenye hospitali zinazoifanya kila wiki, wanaofariki kwa operesheni hiyo ni chini ya 5 katika kila 100. Kwenye hospitali zinazoifanya kwa nadra, ni zaidi ya hapo. Wengi hupata tatizo fulani baadaye: mahali palipoungwa huvuja, tumbo huchelewa kufanya kazi, sukari huzidi, na baadhi hutumia vidonge vya kusaga chakula maisha yote. Mtu mwenye uvimbe wa hatari tunamwambia akatwe na hatusiti, kwa sababu saratani ya kongosho ni mbaya kuliko hayo yote. Kwa kifuko cha tawi kisicho na alama, kwa mama wa miaka 63 mwenye sukari na presha, mizani inalalia upande wa pili. India wapo wapasuaji hodari, sibishani na hilo. Ninauliza wakate nini. Hata mkifika, mpasuaji mzuri wa huko ataomba MRI kwanza.

Kifuko kikiwa mkiani hadithi ni nyingine: operesheni nyepesi kidogo, ila mara nyingine bandama nalo hutoka, na aliyetolewa bandama huhitaji chanjo za vijidudu vya nimonia na uti wa mgongo. Kile cha maji yaliyovuja, kikiwa kikubwa na kinaleta maumivu, homa au kutapika, huchimbiwa njia ya kumwagia tumboni kwa mrija wa mdomoni. Husubiriwa kiasi cha wiki 4 au zaidi ili ukuta wake ukomae. Si habari ya mama yenu kwa sasa.

Ami yako simcheki. Aliowaona ni watu waliofika kwa mpasuaji wakiwa tayari wa manjano na wamekonda, ugonjwa umeshaenda kwenye ini. Kisu hakikuwaua, kilichelewa. Mkimweleza hivyo badala ya kumwambia hajui, huenda akawa upande wenu, na mtamhitaji siku ya kuvuka.

Mama mdogo naye ana nia njema. Lakini hakuna kinachonyweka, cha duka la dawa wala cha msituni, kinachokausha kifuko cha kongosho. Na majani yaliyochemshwa hadi yakawa mazito huweza kugusa ini na figo, kisha sisi tukapima damu tukaona ini limepanda, tukadhani ni kifuko kimebana njia ya nyongo. Mmetuchanganyia hesabu. Asome, amwombee dua, amfanyie kisomo. Hayo hayagombani na MRI. Kikombe ndicho kikome, na jina la hayo majani liandikwe mlionyeshe kwa daktari.

Suala la kumwambia. Mwanangu, mikarafuu aliyoiacha baba yenu ni mirathi, na mama ana thumni yake humo. Mnataka kuuza mali yake bila yeye kujua, kwa ugonjwa ambao hajaambiwa. Mimi si kadhi, lakini hata mimi naiona hiyo haikai. Tena fikiri kwa upande wa matibabu tu: mtamvusha bahari kila miezi 6 kwa ajili ya gesi? Atakapoulizwa na mpiga picha una ugonjwa gani, atajibu nini? Wazee wetu husoma nyuso. Ninavyowajua, ameshajua kuna kitu, na anachokidhania peke yake usiku ni kikubwa kuliko kilichomo kwenye ripoti.

Amwambie mmoja, yule anayemsikiliza, pasiwe na baraza la watu kumi. Maneno yawe machache na ya kweli: “Mama, kwenye picha wameona kifuko kidogo cha maji kwenye kongosho. Hawakuona saratani. Wanataka picha nyingine ili wakijue vizuri, na wanataka tuiweke sukari sawa.” Kisha nyamazeni, mumwache aulize. Akisema hataki kukatwa, mwambieni hakuna aliyeomba kumkata.

Gharama: rufaa ya kwenda bara au nje inapita kwa madaktari, haianzi kwa mnunuzi wa mikarafuu. Anzeni na daktari aliyeandika CT, aliombe jopo la hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, liitazame picha, na kama kuna mtumishi wa serikali kati yenu, aulize Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar nani wa familia anaweza kuandikishwa.

Msingoje tarehe yoyote akiona moja ya haya: maumivu makali ya juu ya kitovu yanayopenya mgongoni pamoja na kutapika, homa na baridi, macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, choo kilichopauka, au ngozi kumwasha mwili mzima. Manjano ya mtu mzima yasiyo na maumivu watu huyapeleka kwa mganga wa manjano wakapoteza mwezi. Peleka hospitali siku hiyo hiyo, iwe Wete, Chake au Abdulla Mzee, Mkoani.

Na funga ya Jumatatu na Alhamisi. Kifuko chenyewe hakimzuii kufunga. Metformini peke yake kwa nadra humshusha mtu sukari hadi kuanguka, lakini daktari akimwongezea dawa kwa hizo 12 na 13, huenda akaandikiwa inayoshusha zaidi, na hapo funga ya siku mbili kwa wiki hubadilisha hesabu ya vidonge. Hii ni sunna, haina deni. Asifunge hadi HbA1c itoke na daktari wa sukari ampangie dawa ya daku na ya futari. Siku yoyote akipima ikawa chini ya 3.9 au juu ya 16.6, afungue hapo hapo, hata ikiwa imebaki robo saa kuadhiniwa.